Pipa Lisilo na Povu

Tangu Jumatatu jioni walipomtia ndani, mzee wa mapipa alikuwa akiuliza swali moja tu, na kila askari aliyeulizwa alilipokea kama kejeli.

"Yule mtoto ameshameza chochote?"

Sajini alivuta kiti cha chuma akaketi mbele yake. Ilikuwa Jumatano, saa mbili na robo asubuhi. Mwanamke huyu mpelelezi, Mungu alimnyima kimo na sauti akamlipa macho na subira, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiishi kwa hivyo viwili. Alifungua jalada juu ya magoti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Ameshameza?"

"Saa nane mchana unapelekwa mahakamani. Karatasi hii inasema ulitia chokaa ya kujengea kwenye pipa, kwa makusudi, kwa kinyongo. Ukisomewa hivyo ukanyamaza, hutarudi nyumbani leo wala mwakani. Nina saa sita zisizotimia. Nisaidie nikusaidie."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi na cha kutia uchungu. Kiwanda alikofanya kazi mzee kilitengeneza unga mweupe ambao vitabu huuita kalsiamu sitrati, na wafanyakazi waliuita chumvi ya mifupa. Maganda ya mayai husagwa, hutiwa pipani pamoja na maji na unga mchachu wa limau, kisha kinachopatikana huchujwa, hukaushwa na kuchekechwa. Shuleni hutiwa kijiko kimoja cha chai katika kikombe cha maziwa ili watoto wakomae mifupa. Jumatatu, katika shule moja ya awali, watoto kumi na saba walitoka mezani wakilia, ndimi zimebabuka. Msichana mmoja wa miaka minne, mpenda kukomba masalio ya kikombe kwa kidole, alilazwa koo limevimba, analishwa kwa mpira wa puani. Paketi zote zilikusanywa siku ileile. Ndani yake ilikutwa chokaa kali, ile inayobabua ngozi.

"Nianzie wapi?" mzee akauliza.

"Anzia Alhamisi. Siku pipa lile lilipopikwa."

"Nilifika saa moja na nusu. Nikakuta pipa limeshapakiwa. Meneja amesimama pale pale, tai shingoni, mikono imejaa vumbi. Akaniambia, 'Leo nimekuanzishia mzee toka usiku, usiumize mgongo. Koroga kidogo, ukiona halina povu fungua koki.' Nikakoroga. Halikuwa na povu. Nikafungua koki."

"Povu ndiyo nini?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua ni nini. "Povu ndiyo saa yetu. Maganda yakikutana na ule mchachu yanatoa povu, linapanda mpaka mdomoni mwa pipa. Unakoroga, linashuka, linapanda, linashuka. Likikata, chumvi imeiva. Miaka kumi na tisa nimepika hivyo. Mpaka jina nimepewa, Mzee Povu. Hata mke wangu marehemu aliniita hivyo akinikasirikia."

"Haya ya Meneja hayamo kwenye maelezo yako. Hapa imeandikwa, 'nililipakia pipa mwenyewe.'"

"Nilisema nilikuta limepakiwa. Wakaandika wao. Waliponisomea nikasema siyo hivyo. Wakasema, mzee usitupotezee muda, weka dole gumba hapa. Mimi kusoma kwangu ni kwa kuungaunga, mama. Nikaweka."

Sajini aliitazama ile alama ya dole gumba, nyeusi, imekandamizwa upande, kama ya mtu aliyeshikwa mkono. Ilikuwa kazi ya kituo chake mwenyewe. Akafunga jalada taratibu mno.

"La mwisho. Pipa huoshwa lini?"

"Jioni ya kuamkia siku ya kupika. Lile la Alhamisi nililiosha Jumatano. Siku ya kumwaga silishiki. Lile povu huacha duara mdomoni, likiwa bichi linakupaka tu kama makamasi. Ukiliacha likauke, linabanduka lenyewe kwa brashi. Brashi yangu iko msumarini, nyuma ya pipa."

Aliandika maneno mawili, *duara, brashi*, akainuka. Koridoni alisimama dakika mbili na simu sikioni. Alimuuliza nesi wa zamu swali moja, akasikiliza jibu, akashukuru, akaenda kupanda gari.

*

Ofisi ya Meneja ilikuwa na kioo kikubwa kinachotazama chini kwenye ukumbi wa kazi, na kiyoyozi kilichowashwa kama vile kuna maiti ndani. Meneja alisimama kumpokea, akafunga kifungo cha koti.

"Afande, karibu sana. Nilidhani kazi imekwisha. Mkuu wako wa kituo aliniambia mzee anakwenda mahakamani leo."

"Bado kuna vijimambo. Naomba unirudie ile habari."

"Inaniuma kuirudia. Watoto, afande! Malaika wa Mungu!" Alishika kifua. "Yule mzee alikuwa na kinyongo. Tulipomwajiri binti wa maabara aje kuboresha upishi, mzee alisema mbele za watu, 'Ipo siku mtanitafuta.' Waulize. Alhamisi kapakia maganda yake mabichi kama kawaida. Mimi nilipita saa moja na nusu, nikaona kwa macho yangu povu limefika mdomoni. Nikajua mambo safi, nikapanda juu. Kumbe baadaye katia gunia la chokaa. Gunia tupu tumelikuta chini ya benchi lake."

"Nani alilikuta?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumatatu mchana, habari ya watoto ilipofika."

"Chokaa yenyewe mlikuwa nayo ya nini?"

"Ya kupaka ukuta wa nje. Tulinunua magunia mawili. Moja likatumika, moja likaibiwa na mzee."

Sajini aliutazama mkono wa koti lake mwenyewe. Ulikuwa mweupe toka kiwikoni. Alikuwa ameupangusia ukutani akipita uchochoro wa getini. Akaupukuta.

"Na pipa?"

"Pipa nimelitia kifuniko na kufuli siku ileile. Nilisema mtu asiguse ushahidi. Ufunguo ni mmoja, ninao mimi." Aliupiga mfuko wa shati. "Kabla ya hapo nalo halikupikiwa tena, unga mchachu ulituishia Alhamisi, tunasubiri mzigo. Liko kama lilivyoachwa."

"Umefanya vizuri sana," Sajini akasema, na alimaanisha. "Naomba pia faili la majaribio ya yule binti wa maabara. Nalisoma, nalirudisha."

Meneja alisita kidogo, jicho likaenda kabatini likarudi. Kisha akatabasamu, akalitoa. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba karatasi zenye namba hazisomwi na mtu.

*

Chini, kwenye meza ndefu ya bati, mwanamke mnene alikuwa akisugua machekeche matupu ambayo hayakuwa na uchafu. Walimwita Mama Chekeche. Kazi ilikuwa imesimama, lakini mikono yake haikujua kusimama.

"Karibu, afande mwanangu. Kaa kwenye ndoo hiyo, viti vimepanda juu kwa wakubwa."

Sajini akakaa kwenye ndoo. "Mzee Povu alisema, 'Ipo siku mtanitafuta'?"

"Alisema. Siku hiyo tulikuwa tumemficha kofia yake. Kila siku anasema. Mtu kama huyo utamtia pingu kwa sababu ya kofia?"

"Ukuta wa nje nani kaupaka?"

"Nani mwingine? Mimi na mwenzangu wa kukaushia. Wiki iliyopita, Jumanne. Eti wageni wanakuja. Mgongo mpaka leo."

"Magunia mangapi ya chokaa?"

"Mawili, na hayakutosha. Nenda kaone kule nyuma ya choo, kipande kama cha mlango mzima kiko kama kilivyozaliwa. Tulimwambia Meneja chokaa imekwisha, akasema wageni hawaendi nyuma ya choo." Aligonga chekeche mezani. "Wasiende! Wao hawana haja?"

Sajini alikwenda nyuma ya choo. Ukuta ulikuwa mweupe mpaka kona, kisha ukakatika ghafla, matofali matupu, upana wa mlango mmoja. Akapima kwa hatua, akaandika, akarudi kwenye ndoo. Magunia yote mawili yalikuwa ukutani. Basi chokaa iliyobabua ndimi za watoto haikutoka kwenye gunia lolote.

"Mama, Alhamisi ulikuwepo pipa lilipomwagwa?"

"Nilikuwepo. Tena nilifurahi, maana nilianika aproni yangu."

"Wapi?"

"Pale kwenye pipa. Nilikuwa nimeiosha asubuhi, iko mbichi. Nikapita saa moja na robo, mzee hajafika, nikaliegemea pipa, mama wee! La moto! Nikasema leo Mungu kaniletea pasi. Nikaitandika ubavuni mwa pipa, kufika saa mbili imekauka, nikavaa."

Sajini aliacha kuandika. "Pipa hilo lina moto chini?"

"Moto gani? Pipa la plastiki lile, afande, litie moto uone. Huwa baridi siku zote. Siku hiyo ndiyo lilikuwa na homa."

"Na siku ya kabla yake? Jumatano. Kuna kitu hakikuwa cha kawaida?"

Mama Chekeche alikunja pua kabla hajajibu. "Harufu. Kama saluni ikiungua. Nywele, nywele zinaungua! Toka mchana mpaka tunatoka. Moshi unatoka kwenye lile tanuru dogo la binti wa maabara, na binti mwenyewe hayupo. Nikamuuliza Meneja, akasema anachoma takataka."

"Ufunguo wa chumba cha tanuru anao nani?"

"Funguo zote za nyumba hii ziko kwenye mfuko mmoja, afande. Wewe unadhani ule mfuko wa shati unavutwa chini na nini, dhambi?"

*

Binti wa maabara walimwita Binti Kipimo, kwa kuwa hata chai yake alipima sukari kwa mizani. Alikuwa amekaa katika chumba chembamba chenye beseni, mizani, chupa zilizopangwa kwa urefu, na macho yake yalikuwa mekundu. Sajini hakumpa pole. Alikuwa na sababu ya kumshuku: tanuru lilikuwa lake, na, kwa alivyosoma kwenye faili, anayejua kutengeneza chokaa kali kwa maganda ya mayai katika nyumba ile alikuwa yeye.

"Jumatano na Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Nilitumwa mji wa jirani kuchukua mizani mpya. Meneja alinituma. Tiketi ninazo, na karatasi ya kupokelea mizani ina saa na sahihi." Alizitoa kabla hajaombwa. Sajini akazisoma mstari kwa mstari. Zilikuwa sawa. Binti alikuwa njiani tanuru lilipowaka, na njiani pipa lilipomwagwa.

"Nieleze majaribio yako, kama unavyomweleza mtoto."

Binti alipangusa macho. "Maganda mabichi yanakula muda. Yana ngozi nyembamba ndani, na mchachu unayala polepole. Kupika ni kutwa nzima. Mimi niliajiriwa nitafute njia ya kupata chumvi nyingi, nzuri, kwa muda mfupi. Nikayachoma maganda kwanza. Yakichomwa sana yanakuwa chokaa kali, na hiyo inaungana na mchachu upesi zaidi. Ila kuna masharti. Isagwe laini sana. Mchachu uzidi kidogo. Ikorogwe saa mbili bila kuachwa. Ioshwe mara tatu. Halafu ipimwe kwa karatasi hizi." Alichomoa kijikaratasi chekundu. "Ikigeuka buluu, bado kuna chokaa ndani. Haifai."

"Kwa nini saa mbili, kama inaungana upesi?"

"Kwa sababu ile chumvi ikianza kutokea inakivika kila kipunje cha chokaa ganda jeupe. Kwa nje unaona chumvi. Ukikitafuna, ndani ni chokaa."

Sajini aliwaza kidole cha mtoto chini ya kikombe. Alifungua faili la Meneja. Majaribio yalikuwa kumi na manne, yamenakiliwa kwa mwandiko wa shule, safu kwa safu: moto, muda, mchachu, uzito uliopatikana, na mwisho, matokeo. Jaribio la kumi na nne, la saa mbili, lilikuwa na neno moja, INAFAA. Hakuna aliyeligusa. Lakini jaribio la kumi na moja, *dakika ishirini, unga mweupe sana*, lilizungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Mwisho wa mstari huohuo, sentimita tatu tu kutoka kwenye duara, binti alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HAIFAI. KARATASI BULUU.

"Kalamu hii nyekundu ni yako?"

Binti aliinama, akaona, akafunika mdomo. "Situmii nyekundu. Sajini, Ijumaa niliporudi nilikuta chumvi imeshakaushwa. Nikauliza. Meneja akasema ni ya maganda mabichi kama siku zote. Sikupima. Karatasi zilikuwa hapa, mkono huu hapa, na sikupima."

"Hilo utaliandika na utalitia sahihi," Sajini akasema. Halafu, baada ya kidogo, akaongeza, "Sasa lete bilauri mbili, na ule mchachu uliobaki chupani kwako. Maganda mabichi yaliyosagwa, na yaliyochomwa. Njoo nayo kwenye pipa. Na swali moja: yaliyochomwa yanatoa povu?"

"Hapana. Yakichomwa, ile hewa ya povu yote imeshatoka tanurini. Yanatoa joto tu."

*

Saa tano na nusu walisimama wote kulizunguka pipa: Meneja, Binti Kipimo, Mama Chekeche ambaye hakuitwa lakini hakufukuzika, na Mzee Povu, aliyeletwa na askari akiwa na pingu na viatu visivyo na kamba.

"Hii ni nini, afande, mchezo wa kuigiza?" Meneja alisema. "Unamleta mhalifu kiwandani kwangu?"

"Ni mshukiwa, Meneja. Nataka nihakikishe umemtendea haki. Alhamisi asubuhi, uliona povu?"

"Nimeshasema."

"Wasikie na hawa."

"Niliona! Limefika hapa." Alipitisha kidole kwenye ukingo wa pipa. "Mdomoni kabisa. Maganda mabichi, povu la kawaida."

Mzee Povu alifungua kinywa. Sajini alimwinulia kiganja, naye akakifunga.

Binti aliweka bilauri juu ya benchi. Katika ya kwanza alitia maganda mabichi, mchachu na maji. Povu likaruka juu, likachungulia ukingoni, likashuka. Katika ya pili alitia yaliyochomwa. Maji yakawa meupe tu, kimya. Sajini aliishika, akampa Mama Chekeche aishike.

"Ya moto!" Mama Chekeche akapiga ukelele. "Ndiyo homa ya Alhamisi hii!"

"Tazameni ile ya kwanza," Sajini akasema. Povu lilikuwa limekufa, na pale lilipofika palibaki duara la utando wa kijivu, limeganda kwenye kioo. "Meneja, naomba ufunguo."

Meneja aliutoa. Hakuwa bado amefika mahali Sajini alipokwishafika. Kufuli likafunguka, kifuniko kikatolewa. Sajini alivuta ndoo, akapanda juu yake.

"Sisi wafupi tuna adhabu yetu," alisema, akachungulia. Akatazama muda mrefu. Kisha akashuka akawapisha. "Kila mtu atazame, aniambie duara la povu liko wapi."

Mdomo wa pipa ulikuwa safi kama sahani ya mgeni. Hakukuwa na utando wala doa.

Meneja alikuwa wa mwisho kuchungulia. Alipoinua kichwa, sikio lake moja lilikuwa jekundu. "Ameliosha. Huyu mzee ameliosha kuficha."

"Chini kuna nini?"

Meneja hakutazama tena. Binti ndiye aliyetazama. "Ukoko mweupe. Wa upishi wa mwisho."

"Aliosha mdomo akaacha tumbo?" Mzee Povu akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa siku mbili za kutosikilizwa. "Miaka kumi na tisa! Mimi niache tumbo?"

Sajini alikwenda nyuma ya pipa. Brashi ilikuwa msumarini, manyoya yake makavu, na buibui alikuwa ameshafunga uzi kati ya mpini na ukuta. Aliwaonyesha, akauacha uzi ule kama ulivyo. Binti alichota kidogo cha ukoko kwa mwiko, akakisaga kwa kinu, akatia maji, akachovya kijikaratasi chekundu. Kiligeuka buluu kabla hajakitoa.

"Njia ya mwongo fupi," akasema Sajini. "Pipa hili halikupata povu Alhamisi, wala halikuwa na ganda bichi hata moja. Wewe uliona povu ambalo halikuwepo. Tanuru liliwaka Jumatano, na ufunguo unao wewe. Binti ulimtuma mbali. Pipa lilikuwa la moto mzee hajafika. Na jaribio la kumi na moja ulilizungushia duara kwa mkono wako." Aliinua karatasi. "Kalamu nyekundu iko mfukoni mwako, Meneja. Inavuja."

Meneja alijishika kifuani, akaona wino vidoleni. Kisha ghadhabu ikamtoka, kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

"Nilikuwa na ahadi ya Ijumaa! Mnajua kushikiwa saa na wateja? Unga ulitoka mweupe, mweupe kuliko wa siku zote! Nani angejua?"

"Aliyeandika HAIFAI alijua. Aliandika kwa herufi kubwa."

"Wataalamu huogopa kivuli chao! Na bado aliyefungua koki ni nani? Ni huyu! Angekoroga saa mbili ingeiva!"

"Ulimwambia kwamba maganda ni ya kuchomwa?"

"Nisimame nimfundishe mzee wa mwiko mambo ya tanuru? Angeelewa nini?"

Mama Chekeche aliliweka chini chekeche alilokuwa amelishika muda wote, kama mtu anayeogopa mkono wake mwenyewe. Mzee Povu alisogea hatua moja, pingu zikalia.

"Ningeelewa," alisema. "Ungeniambia tu, 'Mzee, haya yamechomwa, hayatoi povu.' Basi. Ningekwenda kumtafuta huyu binti nimuulize nitajuaje limeiva. Maneno matano, bwana mkubwa. Uliwanyima watoto maneno matano."

"Nilisahau!" Meneja akapaza sauti. "Shughuli nyingi, nilisahau, mimi si malaika!"

"Alhamisi ulisahau," Sajini akasema. Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilipanda, na haikupanda sana. "Jumatatu, mtoto wa watu amelazwa, daktari hajui kilichomchoma na wewe unakijua, ulikumbuka kushuka ngazi, ukakumbuka gunia tupu la ukutani, ukakumbuka benchi la huyu mzee. Kumbukumbu yako ni nzuri, Meneja. Inachagua tu."

Alimgeukia askari. "Toa hizo pingu hapo. Unajua pa kuzipeleka."

"Afande," Meneja alisema, mikono ikiwa tayari mbele, sauti imeshuka mpaka kwenye urafiki, "tuongee kiutu uzima. Mkuu wako wa kituo ananijua vizuri."

"Afadhali. Hatahitaji kukuuliza jina."

Walipomtoa, alipita uchochoro ule wa getini, na bega zima la koti lake likapangusa ukuta.

Sajini aliketi kwenye benchi la mzee, akatoa karatasi nyeupe. Yale maelezo ya Jumatatu, yenye dole gumba lililopinda, aliyapiga mstari kutoka kona hadi kona akaandika pembeni: *hayakuwa yake*. Alijua mkuu wa kituo hatapenda. Kisha akaanza upya, mzee akisema, yeye akiandika, na kila mstari ulipokwisha alimsomea kwa sauti.

"'Nilikuta pipa limeshapakiwa.' Ndivyo?"

"Ndivyo."

"'Meneja aliniambia, ukiona halina povu fungua koki.' Ndivyo?"

"Ndivyo. Na andika kwamba nilifungua mimi. Nisije nikaonekana najificha. Koki nilifungua mimi."

Akaandika. Ilikuwa saa sita na dakika chache. Alifungua kikopo cha wino, akakisogeza mbele ya mzee, akaondoa mkono wake mbali kabisa.

Mzee alilichovya dole gumba, likasimama hewani juu ya karatasi.

"Kabla sijaweka. Yule mtoto ameshameza chochote?"

"Maji," Sajini akasema. "Vijiko vitatu, leo alfajiri. Nimemuuliza nesi mwenyewe. Mpira bado haujatolewa."

Mzee alitikisa kichwa polepole, macho kwenye lile pipa.

"Basi na hilo liandike," akasema.

Sajini aliichukua kalamu, akaliandika.